Galaxy Tab A9+ kama kioo cha kusomea nyumbani: niliyoyaona katika majuma ya mwanzo

Kwa miaka mingi nyaraka zangu nimezisoma kwenye simu: mihtasari ya vikao vya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, magazeti, mitihani ya nyuma ambayo walimu huwatumia wazazi kwa WhatsApp, na vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika Maktaba Mtandao yake. Simu hufungua vyote hivyo bila shida, lakini ukurasa uliopangwa kwa karatasi ya A4 hauenei katika kioo chake, na msomaji hulazimika kuuvuta huku na huko kwa vidole hadi anapoteza mstari aliokuwa akiusoma. Binti yangu wa darasa la sita akifungua jedwali la Sayansi kwenye simu huona safu mbili tu kwa wakati mmoja, na mara nyingi hukata tamaa kabla ya kuifikia safu ya mwisho ambayo ndiyo yenye maelezo. Nilihitaji kioo kikubwa cha kusomea, kitakachotumiwa na watu wote wa nyumbani, kwa bei isiyofika ya kompyuta mpakato.

Nilichonunua ni Samsung Galaxy Tab A9+, kishikwambi cha inchi 11 ambacho kilitangazwa Oktoba 2023. Kilitoka pamoja na kingine chenye jina linalokaribia kuwa lile lile, Galaxy Tab A9 isiyo na alama ya kujumlisha, na mnunuzi anapaswa kuwa macho hapo, kwa sababu tofauti ya vifaa hivyo viwili ni kubwa kuliko majina yanavyoonyesha. Kile kidogo kina kioo cha inchi 8.7 chenye pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1340 kwa 800, ilhali hiki kikubwa kina pikseli 1920 kwa 1200. Kwa anayetaka kusoma ukurasa mzima wa kitabu cha shule, alama hiyo moja ya kujumlisha ndiyo inayoamua kama fedha yake imekwenda mahali pake. Nimewahi kuona madukani bei ya kile kidogo ikiwa imebandikwa chini ya picha ya hiki kikubwa, kwa hiyo nashauri mtu asome maandishi ya kwenye boksi lenyewe kabla ya kulipa.

Nianze na kusoma, maana ndiko kulikonifanya nitoe fedha. Kioo cha kishikwambi hiki kikishikwa wima kina upana wa takriban sentimeta 14.8, na huo ndio upana wa karatasi ya A5. Maana yake ni kwamba ukurasa wa A4 unaingia wote, kutoka ukingo hadi ukingo, ila unapungua na kuwa na ukubwa wa A5, na herufi zilizoandikwa kwa pointi 12 zinaonekana kama za pointi 8 na nusu, yaani karibu na herufi za gazeti. Kwa macho yangu, ambayo bado hayajahitaji miwani ya kusomea, ukubwa huo unatosha kwa kitabu cha kiada na kwa muhtasari wa kikao, na naweza kusoma kurasa nyingi mfululizo bila kugusa kioo isipokuwa kufungua ukurasa unaofuata. Mama yangu, aliyepita miaka sabini, hawezi kusoma hivyo. Yeye hukilaza kishikwambi upande, ukurasa ukatanuka hadi kupita upana wa karatasi halisi, na akasoma kidogo chini ya nusu ya ukurasa kabla ya kuusogeza juu. Biblia yake ya Kiswahili huisoma katika programu inayoruhusu kukuza herufi zenyewe badala ya kukuza ukurasa, na hapo hana tatizo lolote, kwa kuwa maneno hujipanga upya kufuata upana wa kioo.

Uwazi wa herufi ni mzuri kwa kifaa cha bei hii, ingawa si wa kiwango cha simu. Kioo kina pikseli zipatazo 206 katika kila inchi, ilhali simu nyingi za bei ya kati zina takriban mara mbili ya hizo, na mtu aliyezoea simu nzuri ataona kwamba kingo za herufi ndogo sana, kama zile za tanbihi au za majina ya mito katika ramani, si kali kama alivyozoea. Katika maandishi ya kawaida sikuiona kasoro hiyo baada ya siku za mwanzo. Kioo chenyewe ni LCD, aina inayomulikwa na taa iliyo nyuma yake, kwa hiyo weusi wake usiku, taa zikiwa zimezimwa, huelekea kuwa kijivu, jambo ambalo huonekana zaidi kwenye filamu kuliko kwenye kitabu. Kinachosumbua zaidi ni mchana. Sisi tunaishi Tanga, ambako jua la asubuhi huingia barazani moja kwa moja kutoka upande wa bahari, na barazani kwetu kioo hiki hugeuka kuwa cha kujitazamia uso, hata mwangaza ukipandishwa hadi mwisho. Ndani ya nyumba, au chini ya mwembe, hakina tatizo. Anayetarajia kukitumia shambani, sokoni au kwenye eneo la ujenzi akijaribu kwanza nje ya duka, juani, atajua mara moja kama kitamfaa.

Kioo hiki hujichora upya hadi mara 90 kwa sekunde, ilhali vishikwambi vingi vya bei nafuu hufanya hivyo mara 60, na nilidhani hayo ni maneno ya matangazo hadi nilipoanza kuteremsha kurasa ndefu za gazeti. Maandishi yanayosogea hubaki yakisomeka, na jicho halilazimiki kusubiri yatulie. Ni jambo dogo ambalo mtu halijui kuwa analipenda mpaka arudie kifaa cha zamani.

Sauti ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Kuna spika nne, mbili kila upande kishikwambi kinapolazwa, na zinatoa sauti iliyotandaa kiasi kwamba taarabu ya zamani, yenye fidla, kanuni na udi kwa pamoja, husikika kila ala mahali pake badala ya kusongamana kama inavyokuwa kwenye spika moja ya simu. Jioni tunakiweka mezani na kusikiliza taarifa ya habari, na aliye jikoni husikia maneno yote bila kuuliza mtangazaji amesema nini. Mikono ikikishika vibaya inaweza kuziba spika za upande mmoja, lakini kwa kuwa ni nne, sauti haipotei yote. Jambo jingine la kushukuriwa ni tundu la kuchomekea spika za masikioni za waya, milimita 3.5, ambalo vifaa vingi vya siku hizi vimeliondoa. Katika nyumba yenye watoto wawili wanaotaka kutazama vitu tofauti, na mtu mmoja anayetaka kulala, spika za masikioni za waya zinazouzwa kwa bei ndogo kila kona ya mtaa zina thamani kuliko za Bluetooth, ambazo nazo zinataka kuchajiwa na hupotea upesi.

Mkononi kina gramu 480, mwili wake ni wa chuma, na unene wake ni milimita 6.9. Uzito huo si mkubwa kwa aliyekaa kwenye kiti, lakini aliyelala chali akisoma atauhisi kifundoni mwa mkono kabla sura ya kitabu haijaisha. Chuma chenyewe ni laini na huteleza, hasa kwa mikono yenye jasho la pwani. Kava lenye kusimamisha kishikwambi mezani nimeliona kuwa sehemu ya kifaa wala si pambo, na nitalirudia hilo mwishoni. Hakina kisoma alama za vidole. Kinafunguliwa kwa PIN, kwa mchoro au kwa uso, na uso hautambuliki kwenye chumba chenye giza, kwa hiyo wakati umeme umekatika mtu hurudi kwenye PIN. Kwa kifaa kinachotumiwa na watu wengi naona PIN inatosha, ila ningependa kisoma alama kiwepo, kwa sababu mama yangu husahau namba na kidole chake anacho daima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote, na ambalo wauzaji huligusia kwa haraka mno. Kishikwambi hiki huuzwa katika matoleo mawili: lenye RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na lenye RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 128. Kwa nje hayatofautiani hata kidogo. Nchini Marekani yalipoanza kuuzwa, la kwanza lilikuwa dola 219.99 na la pili dola 269.99, na madukani kwetu nako pengo la bei lipo, ingawa hubadilika duka kwa duka na mwezi kwa mwezi. Muuzaji aliyenihudumia alisema, “Mama, hiki cha 64 kinakutosha kabisa, wewe si wa kucheza magemu,” na nina hakika alisema kwa nia njema. Nilichukua kile cha GB 128, na kwa bahati shemeji yangu alikuwa amenunua kile cha GB 64, hivyo tumeviweka vyote viwili juu ya meza moja na kuvitumia kwa kazi zile zile.

Tofauti haionekani mtu anapofungua kitu kimoja. Kitabu hufunguka sawasawa, video hucheza sawasawa, kwa kuwa kichakataji, yaani chipu inayoendesha kifaa, ni kile kile, Snapdragon 695, ambacho kwa kazi za nyumbani kina nguvu ya kutosha. Tofauti inaanza pale mtu anapotoka kwenye kitabu kwenda WhatsApp, akatoka huko kwenda kwenye kivinjari kutafuta maana ya jambo, kisha akarudi kwenye kitabu. Kwenye kile cha GB 8 kitabu kinamsubiri katika ukurasa ule ule alioachia. Kwenye kile cha GB 4 mara nyingi programu ya kusomea inakuwa imefungwa na mfumo ili kupisha nyingine, na inaanza upya, huku faili kubwa la kitabu cha picha likichukua muda kufunguka tena. Mwanafunzi anayefanya zoezi hufanya safari hiyo ya kwenda na kurudi mara nyingi kwa saa moja, na kila mara anapopoteza ukurasa anapoteza na wazo. Kioo kinaweza kugawanywa ili programu mbili, na hata tatu, zionekane kwa pamoja, kitabu upande mmoja na daftari la kuandikia upande mwingine, na hii ni faida kubwa ya kuwa na inchi 11. Lakini kwa RAM ya GB 4 faida hiyo hupungua nguvu yake.

Upande wa hifadhi nao una hesabu yake. Katika zile GB 64, mfumo wa Android pamoja na programu zilizowekwa kiwandani hujitwalia sehemu kubwa kabla mwenye kifaa hajaweka hata picha moja, na kinachobaki hujazwa upesi na video ambazo kila familia huletewa kwenye makundi ya WhatsApp. Ipo nafasi ya memori kadi, inayopokea hadi TB 1, na ninaisifu kwa moyo mweupe, kwa sababu sinema, nyimbo, mahubiri na mafaili ya PDF vinaweza kukaa huko na hata kuhamishiwa kifaa kingine. Programu zenyewe, hata hivyo, kwa sehemu kubwa hubaki kwenye hifadhi ya ndani, na ndizo zinazokua kila zinaposasishwa. Memori kadi inapunguza ufinyu wa hifadhi bila kuumaliza, na RAM haiongezeki kwa kadi yoyote. Kwa hiyo ningemwomba yeyote anayenunua kwa ajili ya mwanafunzi asubiri mwezi mmoja, akiweza, aongezee fedha na kuchukua toleo kubwa. Kifaa cha namna hii nyumbani hutumika miaka mingi, na programu za miaka ijayo zitakuwa nzito kuliko za leo.

Siku ya kwanza inahitaji maandalizi. Kishikwambi kikiwashwa huomba akaunti ya Google, kisha akaunti ya Samsung ambayo mtu anaweza kuiruka, halafu huanza kutafuta sasisho la mfumo na masasisho ya programu zote zilizomo. Masasisho hayo kwa pamoja ni mazito, ya kiwango cha gigabaiti, na aliyeunganisha kwa hotspoti ya simu yake ataliona bando lake la wiki likiisha kabla hajasoma lolote. Ni afadhali kufanya kazi hiyo mahali penye Wi-Fi isiyopimwa kwa MB, ofisini au kwa ndugu, kisha kuingia kwenye mipangilio ya Play Store na kuamuru programu zisasishwe kwa idhini ya mtumiaji tu. Kwenye mipangilio ya mtandao inawezekana pia kuitambulisha hotspoti ya simu kuwa ni mtandao unaopimwa, na baada ya hapo kishikwambi hupunguza tabia ya kupakua vitu kimyakimya.

Kibodi ya Google inakubali Kiswahili, na kuandika kwa sauti kwa lugha yetu kumekuwepo tangu 2017. Nimeongea barua nzima ya kuomba ruhusa shuleni, na kilichobaki kwangu kilikuwa kurekebisha alama za uandishi, herufi kubwa na majina ya watu. Kuandika kwa vidole kwenye kioo ni kazi nyingine. Kibodi ya inchi 11 ni pana mno kwa vidole gumba na ni bapa mno kwa vidole kumi, na baada ya aya mbili mabega huchoka. Nimeunganisha kibodi ya Bluetooth na ikakubali mara moja, na ipo hali iitwayo Samsung DeX inayopanga programu katika madirisha kama ya kompyuta, lakini mwenye kazi ya kuandika ripoti ndefu kila siku bado anahitaji kompyuta mpakato. Kalamu ya S Pen inayotumika kwenye vishikwambi vya bei ya juu vya kampuni hiyo haifanyi kazi hapa. Mwanafunzi wa chuo anayetaka kuandika milinganyo ya Hesabu kwa mkono juu ya kioo asikinunue hiki kwa matumaini hayo.

Kamera ya nyuma, ya megapikseli 8, inafaa kupiga picha ya waraka mezani penye mwanga wa dirisha, na sina zaidi la kusema juu yake. Ya mbele, ya megapikseli 5, imewekwa mahali pazuri, katikati ya ukingo mrefu, kwa hiyo kishikwambi kikiwa kimelazwa mtu huonekana akiwa ametazama mbele badala ya kutazama pembeni. WhatsApp huunganishwa na namba ya simu kwa kuchanganua msimbo wa QR, bila kuhitaji laini nyingine, na mwanangu aliye chuoni Dodoma akipiga simu ya video siku ya Jumapili tunaenea watu wanne kwenye picha, na bibi yake haulizi tena uso wa mjukuu uko wapi. Picha tunayomtumia si safi sana taa ikiwa hafifu. Sauti ni safi kabisa.

Betri ina ujazo wa mAh 7040. Kwa matumizi yetu ya kusoma, habari na video za jioni, hupita siku mbili, na pasipo video hupita zaidi. Kuchaji ndiko kunakotaka uvumilivu, kwa kuwa kinapokea wati 15 tu. Betri ya ukubwa huo hubeba takriban wati-saa 27, hivyo hata kwa chaja ya wati 15 hujaa kwa muda unaokaribia saa tatu, na kwa chaja ndogo ya wati 5 iliyobaki kutoka simu ya zamani inaweza kuchukua nusu ya siku. Katika masoko mengi boksi huja na kebo ya USB-C bila kichwa cha chaja, kwa hiyo swali hilo liulizwe dukani, na kama hakipo, kinunuliwe cha wati 15 au zaidi chenye jina linalojulikana. Panapokatika umeme mara kwa mara, ule mwendo wa polepole una maana kubwa, kwa sababu saa moja ya umeme haikijazi. Sisi tumezoea kukichomeka usiku, wakati wa kulala.

Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo sasa naliona kuwa ndilo lililokifanya kiwe cha familia, ni uwezo wa kuwa na watumiaji zaidi ya mmoja. Katika mipangilio, mwenye kifaa huongeza mtumiaji, na kila mmoja akapata ukumbi wake, programu zake na akaunti yake, bila kuona ujumbe wa mwenzake. Mama yangu ana wake wenye programu chache tu na herufi kubwa. Binti yangu ana wake wenye vitabu. Kwa mtoto mdogo zaidi kuna Samsung Kids, sehemu iliyofungwa kwa PIN ambamo mzazi huchagua michezo na programu zitakazoonekana na kuweka muda wa kutumia kwa siku, na muda ukiisha hujifunga yenyewe. Nimeona kwamba mtoto hubishana kidogo sana na kioo kilichojifunga kuliko anavyobishana na mzazi aliyekinyang'anya. Kuwa na watumiaji wengi hula hifadhi na RAM, na hii ni sababu nyingine ya kuliepuka toleo dogo.

Limebaki suala la laini. Kuna toleo la Wi-Fi peke yake na toleo la 5G linaloingia laini ya simu. Nilichukua la Wi-Fi, maana hapa nyumbani simu iko karibu daima na bando moja linatutosha sote. Anayesafiri, au anayempa kishikwambi mzazi aishiye peke yake kijijini, ni bora alipe zaidi apate la laini, kwa kuwa kumfundisha mzee kuwasha hotspoti kila mara ni kumchosha bure. Laini hiyo itasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA kama laini nyingine yoyote, na kifaa chenyewe kitakuwa na IMEI, namba yake ya utambulisho, inayopaswa kufanana kwenye boksi na kwenye mipangilio. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilipozima simu bandia Juni 2016, kulinganisha namba hizo dukani kabla ya kulipa ni tahadhari isiyogharimu chochote.

Muuzaji wangu alikuwa tayari kunipunguzia bei kama ningekubali kuondoka bila risiti ya EFD. Nilikataa, kwa sababu waranti inaanza na karatasi hiyo yenye tarehe na namba ya kifaa, na pasipo hiyo mteja hana la kushika siku kifaa kitakapogoma kuwaka. Waranti ya kawaida, hata hivyo, haigusi kioo kilichopasuka, na kioo cha inchi 11 kikianguka kutoka mezani juu ya sakafu ya saruji gharama ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei ya kishikwambi chenyewe. Kava gumu lenye kingo za mpira na protekta ya kioo viingizwe katika bajeti pamoja na kichwa cha chaja na memori kadi, na protekta ibandikwe pale pale dukani na fundi wao, kabla vumbi halijaingia.